Inanna kwa Kiswahili: maswali yanayoulizwa mara kwa mara kuhusu kusimulia upya visasili vya miungu wa kike wa Sumeri

Ukurasa huu umewalenga watu wa aina mbili: anayetaka kuvisoma visasili hivi na kuelewa anachosoma, na anayetaka kuvisimulia mwenyewe, kwa kalamu au kwa mdomo. Msimamo wangu nautaja mapema, usije ukashangaa huko mbele: visa hivi ni vikali, na msimuliaji anayeupunguza ukali huo anakuwa ameanza kutunga kisa kingine. Kutunga ni halali. Kinachotakiwa ni aseme kwamba ametunga.

Sumeri ilikuwa wapi, na lini?

Kusini mwa Iraki ya leo, kwenye tambarare ya mito Tigri na Frati, kuteremka hadi vinamasi vya matete karibu na Ghuba. Kwa sehemu kubwa ya historia yake haikuwa dola moja bali miji mingi, kila mmoja na mungu wake: Uruk, Ur, Eridu, Nippur, Lagash, Umma na mingineyo. Msomaji wa Biblia ameshakutana na Uruk pengine bila kujua. Ndiyo Ereku ya Mwanzo 10. Mwandiko wa kikabari, ule wa kudidimiza alama kwenye udongo mbichi kwa ncha ya tete, ulianzia huko kabla ya mwaka 3000 KK.

Jambo ambalo wengi hawalitarajii ni kwamba tungo nyingi tunazozisoma leo zimetufikia kwenye vibao vya kati ya mwaka 1800 na 1700 KK hivi, wakati Kisumeri kilikuwa kimeshakoma kuwa lugha ya mazungumzo ya kila siku. Vibao hivyo ni kazi za wanafunzi. Katika shule iliyoitwa *edubba*, kijana alijifunza ukarani kwa kunakili tungo za kale, na akimaliza, kibao chake kilitupwa au kikatumika kujazia sakafu na kuta. Tumerithishwa Inanna na vijana waliokuwa wakifanya mazoezi ya darasani, na mara nyingine mwenye kunakili aliruka mstari.

Inanna ni nani hasa?

Ni mungu wa kike wa mapenzi na wa vita, na ndiye Zuhura, nyota ya alfajiri na ya magharibi. Nyumba yake kuu ni Eanna, mjini Uruk. Baba yake ni Nanna, mwezi. Ndugu yake wa kiume ni Utu, jua. Dada yake ni Ereshkigal, malkia wa kuzimu. Mume wake ni Dumuzi, mchungaji. Msaidizi wake, anayempenda na kumtetea kila mahali, ni Ninshubur. Waakadi, majirani wa Wasumeri upande wa kaskazini, walimwita Ishtar.

Usimfanye mama mlezi. Hilo ndilo kosa la kwanza la wasimuliaji wengi: wakisikia mungu wa kike, wanawaza rutuba, titi na mapaja mapana. Inanna ni binti wa kifalme asiyetosheka. Anataka kila kitu, na akikataliwa anakuja na silaha. Kuna kisa kizima ambamo mlima Ebih haukumsujudia, naye akaushambulia na kuushinda, ingawa mungu mkuu An alikuwa amemwonya asithubutu. Wimbo mmoja wa kumsifu unasema kumgeuza mwanamume kuwa mwanamke, na mwanamke kuwa mwanamume, ni kazi yake.

Nianze na kisa gani?

Kushuka kwa Inanna kuzimu. Ni shairi la mistari 400 na ushei, na lina kila kitu.

Linaanza na Inanna, huko mbingu kuu, akitega sikio lake kuelekea kuzimu kuu. Anaacha mahekalu yake, mji baada ya mji. Anajipamba: kilemba, shanga za lapis lazuli, lile jiwe la buluu, shingoni, kidani, pete ya dhahabu, joho la enzi, na wanja wenye jina la kumwita mwanamume aje. Mkononi ameshika kamba na fimbo ya kupimia. Anamwachia Ninshubur maagizo: nisiporudi, nililie, jirarue, nenda kwa Enlil, mungu wa Nippur, akikataa nenda kwa Nanna, akikataa nenda kwa Enki, mungu wa hekima wa Eridu.

Mlangoni anabisha kwa kishindo. Bawabu, Neti, anakwenda kumwarifu bibi yake, na Ereshkigal anajipiga paja na kuuma mdomo. Kisha anatoa amri: milango yote saba ifungwe komeo, halafu ufunguliwe mmoja mmoja. Katika kila mlango Inanna anavuliwa kitu, akianza na kilemba na kumalizia na joho. Kila mara anauliza, "Hii ni nini?" Na kila mara anajibiwa yale yale: anyamaze, taratibu za kuzimu zimekamilika, asizifungulie kinywa. Anaingia uchi, ameinama. Hata hivyo anamwinua dada yake kwenye kiti cha enzi na kukikalia yeye. Waamuzi saba, Anunna, wanamtazama kwa jicho la mauti. Anageuka mzoga, na mzoga unatundikwa kwenye ndoana.

Siku tatu mchana na usiku zinapita. Ninshubur analia kama alivyoagizwa. Enlil anakataa. Nanna, baba mzazi, anakataa. Wote wawili wana hoja moja, nayo si ya kipuuzi: anayezitaka mamlaka za kuzimu hana budi kubaki huko. Ni Enki peke yake anayeshughulika. Anakwangua uchafu chini ya kucha zake na kufinyanga viumbe wawili, kurgara na galatura, wasio wa kiume wala wa kike. Anawapa mmea wa uzima na maji ya uzima, nao wanapenya milango kama nzi.

Wanamkuta Ereshkigal amelala, hajafunikwa hata shuka, akigumia kwa uchungu kama mzazi. Akisema "Ole wangu, moyo wangu," nao wanasema "Ole wako, moyo wako." Akisema "Ini langu," nao wanasema "Ini lako." Hakuna aliyewahi kumwitikia hivyo. Anawaahidi mto mzima, wanakataa. Shamba la nafaka, wanakataa. Wanautaka ule mzoga ulio kwenye ndoana.

Inanna anafufuka, lakini kuzimu hakumwachii mtu bure. Lazima atoe wa kukaa mahali pake. Pepo wa kuzimu, wasiojua chakula wala kinywaji, wanaandamana naye juu. Wanamtaka Ninshubur, amejigaragaza vumbini kwa msiba; Inanna anakataa. Wanamtaka Shara, kisha Lulal, miungu walio karibu naye, nao wako kwenye majonzi; anakataa. Wanafika kwenye uwanda wa Kulaba, Uruk. Dumuzi ameketi kwenye kiti cha enzi, amevaa nguo nzuri. Inanna anamtazama kwa jicho la mauti, lile lile alilotazamwa yeye, na kusema: huyu, mchukueni.

Kwa nini alishuka?

Shairi halisemi. Mlangoni anamwambia Neti kwamba amekuja kwenye mazishi ya mume wa dada yake, Gugalana, lakini matendo yake ndani si ya mtu aliyekuja msibani. Wataalamu wengi wanaona alitaka kuongeza ufalme wa chini juu ya ule wa mbinguni. Inaelekea hivyo. Ila mtunzi angetaka kulitamka angelitamka, kwa kuwa anatumia mistari mingi kuorodhesha mapambo. Kimya hicho amekiweka makusudi, na wewe ukianza kisa chako kwa kueleza sababu umemnyang'anya msomaji swali ambalo lingemfikisha mwisho.

Lakini nimesoma mahali kwamba alishuka kumwokoa mpenzi wake.

Wengi walilisoma hilo, na kosa lenyewe lina historia. Vibao vingi vya fasihi ya Kisumeri vilichimbuliwa Nippur na Chuo Kikuu cha Pennsylvania kati ya 1888 na 1900, kisha vikagawanywa: vingine vikapelekwa Istanbul, vingine Philadelphia. Vipande vya shairi moja vilitenganishwa na bahari. Kabla hata Kisumeri hakijasomeka vizuri, wataalamu walikuwa na toleo fupi la Kiakadi kuhusu Ishtar, ambalo mwisho wake unamtaja ghafla Tamuzi, yaani Dumuzi, wakadhani huyo ndiye aliyefuatwa. Samuel Noah Kramer, mtaalamu wa Kisumeri, alitumia miaka mingi akiunganisha vipande vya makumbusho mbalimbali, na sehemu ya mwisho ilipopatikana, maelezo yakapinduka: Dumuzi hakuokolewa, alikabidhiwa. Vitabu vya zamani na kurasa zinazovinakili bado vinasema kinyume.

Toleo la Kiakadi nalo lina uzuri wake. Humo Ishtar anamtisha bawabu kwamba asipomfungulia atawainua wafu wawale walio hai, na akishakuwa chini, duniani fahali hampandi ng'ombe na mume halali na mke. Usiyachanganye matoleo haya mawili bila kusema. Chagua moja.

Je, si kweli kwamba ni safari ya mwanamke kujiponya nafsi?

Usomaji huo umeenea sana tangu miaka ya 1980: milango saba ni kuvua majivuno, kifo ni kukutana na upande wako wa giza, kurudi ni uponyaji. Watu wamefarijika nao, siwaonei. Ila nina pingamizi mbili.

Ya kwanza, uponyaji huo unalipiwa na mtu mwingine. Inanna harudi akiwa mpole. Anarudi na pepo nyuma yake, na mume wake anakimbizwa akiwa anamsihi Utu amgeuze mikono na miguu iwe ya nyoka ili aponyoke. Ukiikata sehemu hiyo ili somo likae vizuri, umeukata mkuki ncha.

Ya pili, Ereshkigal. Katika masimulizi ya aina hiyo anageuzwa kivuli cha Inanna, kitu cha kupitiwa njiani. Shairi lenyewe linamaliza kwa kumsifu yeye. Si Inanna, si Enki: mstari wa mwisho unasema sifa za Ereshkigal mtakatifu ni tamu. Mimi nimekisoma kisa hiki mara nyingi, na kila ninapofika hapo naona kwamba mshindi wake wa kweli ni yule mwanamke aliyelala bila shuka, ambaye alipoitikiwa uchungu wake kwa mara ya kwanza alikuwa tayari kutoa mto mzima. Msimuliaji ambaye hajamfikiria Ereshkigal asianze kuandika.

Palipovunjika nifanye nini?

Vibao vimevunjika, na mara nyingi vimevunjika palipo patamu. Karibu na mwisho wa kisa hiki kuna nzi anayejitolea kuonyesha aliko Dumuzi, kisha mistari inapotea, kisha tunasikia hukumu: nusu ya mwaka yeye, nusu ya mwaka dada yake. Dada huyo ni Geshtinanna, na tunamfahamu zaidi kutoka tungo nyingine, ambamo anateswa na pepo asitaje kaka yake alikojificha, wala hasemi. Rafiki ndiye anayesema.

Una njia tatu. Unaweza kuacha pengo lionekane, kwa nafasi tupu au kwa sentensi fupi kwamba hapa udongo umevunjika. Unaweza kuazima kutoka utungo mwingine wa Kisumeri. Unaweza kubuni. Mimi napendelea ya kwanza kwenye maandishi na ya pili kwenye simulizi ya mdomo, kwa sababu fanani akinyamaza ghafla mbele ya hadhira watadhani amesahau. Ukibuni, weka dokezo mwishoni. Msomaji wa leo anaweza kufika kwenye tafsiri za kitaalamu kwa simu yake, na akikugundua hatakuamini tena hata pale uliposema kweli.

Kisa cha Shukaletuda kina ubakaji. Nikiache?

Hapana. Ila kisimulie kwa akili.

Inanna amechoka baada ya kuzunguka mbingu na nchi, analala chini ya mti kwenye bustani. Mtunza bustani, kijana aliyeshindwa hata kuotesha mboga, anamfungua nguo na kumwingilia akiwa usingizini, kisha anarudi ukingoni mwa shamba lake. Kunapopambazuka Inanna anajiangalia, na anajua. Anajaza visima vyote vya nchi damu. Watumwa waliokwenda kuteka maji wanateka damu. Hampati. Analeta tufani la vumbi. Hampati. Anafunga njia. Hampati, kwa kuwa kijana amefuata ushauri wa baba yake, akajificha mjini katikati ya umati wa ndugu zake.

Hapo ndipo kisa kinapogusa zama zetu bila msaada wa mtu: baba anajua, anaficha, umati unaficha bila kujua, nchi nzima inakunywa damu kwa tendo la mmoja. Anayedhulumiwa anakwenda kwa Enki kudai haki na kuuliza ni nani atakayemfidia. Mwishoni anampata, na anamhukumu kufa, lakini anaongeza jambo la ajabu: jina lako halitasahauliwa, litaimbwa kwenye nyimbo. Je, hiyo ni rehema au ni adhabu nzito kuliko kifo? Sijaamua, na sidhani msimuliaji anapaswa kuwaamulia wasomaji.

Ushauri wa kiutendaji: tendo lenyewe liseme kwa sentensi moja, kama utungo wenyewe unavyofanya. Kaa kwenye utafutaji. Na usiliite tendo hilo mapenzi. Baadhi ya tafsiri za zamani zililipaka rangi.

Na nyimbo za mapenzi, zile zilizo wazi mno?

Inanna na Dumuzi wana nyimbo nyingi za uchumba, na hazina haya. Inanna anauliza nani atalima shamba lake lenye unyevu, na Dumuzi anajibu kwamba yeye atalilima. Kuna asali, maziwa, saladi iliyomwagiliwa vizuri. Hapa Kiswahili hakihitaji kufundishwa. Lugha iliyozoea mafumbo ya unyago na ya taarab inajua kusema jambo zima bila kulitaja, na hadhira inajua kucheka mahali panapostahili. Tatizo huja mwandishi anapofafanua fumbo kwenye mabano. Aliyeelewa ameelewa.

Baadhi ya nyimbo hizo ziliimbwa wafalme walipochukua nafasi ya Dumuzi katika ndoa takatifu, kama Shulgi wa Ur na Iddin-Dagan wa Isin. Kama kulikuwa na tendo halisi au ni maneno ya ibada tu, wataalamu bado wanabishana. Zile habari za kila mwanamke wa Babeli kulazimika kulala na mgeni hekaluni zinatoka kwa Herodotus, Mgiriki wa karne ya 5 KK, na leo wataalamu wengi hawazikubali.

Mbali na Inanna, nani mwingine anafaa kusimuliwa?

Wengi, na ningefurahi kuona watu wakimpumzisha Inanna kidogo.

Nanshe wa Lagash ni mungu wa samaki na ndege wa vinamasini, mfasiri wa ndoto, na anayesifiwa kwa kumjua yatima na kumjua mjane. Nisaba ni nafaka na pia ni uandishi. Tungo nyingi hufungwa kwa maneno "Sifa kwa Nisaba", maana ndiye mlezi wa makarani. Ninkasi ni pombe, na wimbo wake unafuata hatua za upishi wake, kuanzia mikate ya kimea hadi kuchuja, kiasi kwamba watu wa zama zetu wamejaribu kuipika kwa kuufuata. Ninisina wa Isin ni tabibu. Ninmah alishindana na Enki wakiwa wamelewa: yeye anafinyanga watu wenye ulemavu, Enki anampangia kila mmoja kazi na riziki, kipofu akawa mwanamuziki, mwanamke asiyezaa akapewa nafasi katika nyumba ya malkia.

Ila anayenigusa ni Ningal, mke wa mwezi, bibi wa Ur. Mji huo ulianguka karibu na mwaka 2004 KK mikononi mwa Waelamu, watu wa upande wa mashariki, Irani ya leo, na maombolezo yaliyotungwa baadaye yanampa Ningal sauti ndefu. Alijua mapema kwamba siku ya tufani imepangwa. Alikwenda kwa An na Enlil, akalia, akasihi mji wake usiangamizwe. Hawakubadili neno. Kinachofuata ni mama mwenye nyumba akiihesabu nyumba isiyokuwapo: zizi limebomolewa, ng'ombe hawapo, yeye mwenyewe ni mgeni katika mji wa watu. Aliyewahi kukaa na wakimbizi hatahitaji utangulizi.

Enheduanna ndiye mwandishi wa kwanza duniani?

Ndiye mtunzi wa kwanza ambaye jina lake tunalijua na ambaye tungo zimehusishwa naye. Alikuwa binti wa mfalme Sargon wa Akadi, kuhani mkuu wa Nanna mjini Ur, karibu mwaka 2300 KK. Kuwapo kwake hakuna shaka: Leonard Woolley, aliyechimba Ur kuanzia 1922 hadi 1934, alipata kisahani cha alabasta chenye sura yake na jina lake. Ubishi uko kwenye tungo, kwa kuwa nakala zilizopo ni za karne kadhaa baada yake. Katika ule maarufu wa mistari 153 anasimulia jinsi mwasi Lugal-Ane alivyomfukuza hekaluni, jinsi Nanna alivyonyamaza, na jinsi alivyomgeukia Inanna. Awe aliuandika mwenyewe au la, sauti ya "mimi" iliyomo humo ni ya mwanamke anayemlaumu mungu wake mwenyewe kwa kukaa kimya. Anza naye ukipenda mashairi kuliko visa.

Nitumie nathari au utenzi?

Washairi wa Kiswahili hawajawahi kuogopa visa vya mbali. *Utendi wa Tambuka* wa mwaka 1728, uliotungwa Pate, unasimulia vita vya Waarabu na Warumi wa Mashariki, watu ambao wengi wa hadhira yake hawakuwahi kuwaona. Kwa hiyo utenzi wa Inanna si jambo geni. Ugumu wake ni kwamba mashairi ya Kisumeri hayana vina wala hesabu ya mizani kama yetu. Yanajengwa kwa marudio. Mstari unasemwa, kisha unasemwa tena ukiwa umeongezwa jina. Maagizo kwa Ninshubur yanarudiwa neno kwa neno anapoyatekeleza.

Wahariri hupenda kuyafuta marudio hayo. Usikubali yafutwe yote. Milango saba iwe saba. Ukiandika "na kadhalika hadi mlango wa saba" umeokoa wino na kupoteza kisa. Simulia mbele ya watu uone: kwenye mlango wa tatu wanaanza kujibu pamoja nawe.

Kuna na nafuu ya sarufi. Kisumeri hakitofautishi mwanamume na mwanamke kwenye viwakilishi, kama sisi. Kurgara na galatura wanawasumbua sana wanaotafsiri kwa Kiingereza. Kwa Kiswahili wanaingia, wanasema, wanatoka, na hakuna anayekwama.

Mimi ni mtu wa dini. Je, kusoma haya si kuabudu miungu mingine?

Kusoma si kuabudu, na waumini wa Inanna wametoweka tangu kale. Lakini swali naliheshimu, maana wengi huuliza kwa dhati. Msomaji wa Biblia atakuta wanawake wakimlilia Tamuzi langoni mwa hekalu katika Ezekieli 8:14. Huyo ndiye Dumuzi, na kilio hicho ni mwangwi wa kisa hiki. "Malkia wa mbinguni" wa Yeremia 44 wengi humhusisha na Ishtar au mwenzake wa Kanaani. Kwa Waislamu, Harut na Marut wa Babil wametajwa katika Sura ya Baqara, na baadhi ya masimulizi ya tafsiri za kale yaliongeza habari ya mwanamke aitwaye Zuhura aliyepaa na kugeuka nyota. Wanazuoni wengi waliyakataa masimulizi hayo. Ninayataja kwa sababu yanaonyesha nyota ile iliendelea kuzungumzwa kwa muda mrefu.

Pasaka inatokana na Ishtar? Na Anunnaki walitoka sayari nyingine?

Hapana, na hapana. Dai la Pasaka limejengwa juu ya mfanano wa sauti kati ya jina Ishtar na neno la Kiingereza la sikukuu hiyo, Easter. Neno letu linatokana na Pesach ya Kiebrania, na sikukuu yenyewe haina uhusiano na Uruk. Anunna, ambao ndio hao Anunnaki, ni jina la kundi la miungu wakuu. Habari za wageni wa angani zilienezwa na vitabu vya miaka ya 1970, na hakuna kibao kinachozisema.

Matini nitayapata wapi, na hakimiliki je?

Mkusanyo wa Chuo Kikuu cha Oxford wa fasihi ya Kisumeri uko bure kwenye intaneti: tungo karibu 400, Kisumeri kwa herufi za Kilatini pamoja na tafsiri ya nathari ya Kiingereza. Shairi la kale halina mwenyewe, lakini tafsiri ya mtaalamu ina mwenyewe. Soma tafsiri mbili au tatu, zifunge, kisha simulia kwa maneno yako, na umtaje uliyemsoma.

Picha gani niweke kwenye jalada?

Wengi huchukua Lango la Ishtar lililoko Berlin. Ni zuri, lakini ni la Babeli ya Nebukadneza, karne ya 6 KK, takriban miaka 1,200 baada ya vile vibao vya wanafunzi. Wengine huchukua kile kibao cha British Museum cha mwanamke uchi mwenye mabawa na kucha za ndege, amesimama juu ya simba, bundi pembeni. Kama ni Inanna au Ereshkigal, bado wanabishana, na kwa jalada la kisa hiki ubishi huo unafaa kabisa.

Chaguo langu ni uso wa marumaru wa Uruk, wa karibu mwaka 3100 KK, uliochimbuliwa 1939. Uliibwa kwenye Jumba la Makumbusho la Iraki, Baghdad, Aprili 2003, ukapatikana Septemba mwaka huo huo. Hatujui kama ni mungu au kuhani, kwa hiyo maelezo ya picha yasiandike "Inanna". Andika "uso wa mwanamke, Uruk" na mwaka. Kabla ya kuchapisha, uliza aliyepiga picha kuhusu ruhusa.